Mwalimu Anakoroma

Jumamosi, 12 Aprili 2025. Pangani

Msibani kwa shangazi. Tumelala wanawake watupu sebuleni, mkeka kwa mkeka, na asubuhi chai haijamiminwa nishakuwa gumzo. Ati Mwalimu usiku kucha alikuwa akiburura ngalawa mchangani. Wamecheka mpaka wafiwa wenyewe wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanya nini? Mwanamume akikoroma husemwa kachoka na kazi. Mwanamke akikoroma hutafutiwa jina.

Ambaye hakucheka ni bibi mmoja, muuguzi mstaafu. Alinivuta ukumbini akanikalisha. "Mwanangu, mkoromo wako mimi sikuujali. Nilikuwa nimekaa navuta uradi, mara ukanyamaza kimya. Nikawa nahesabu tasbihi, punje baada ya punje, nimepita ishirini hujavuta pumzi. Kisha ukahema kwa kishindo, ukaendelea. Kitambo kidogo ukanyamaza tena. Nenda kapimwe, usije ukatukusanya hapa kwa msiba mwingine."

Kavu hivyo hivyo. Nikamjibu, "Nimesikia, bibi," nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 17 Aprili 2025. Tanga

Kliniki ya presha. 164 kwa 98, na dawa ninakunywa za aina tatu, sikosi hata kidonge. Siku zote huambiwa nipunguze chumvi, nipunguze na mawazo. Mawazo yapunguzwe vipi na mwalimu wa hesabu, hilo hakuna aliyewahi kunieleza.

Leo nimemkuta daktari kijana. Nilipomsimulia ile habari ya tasbihi akaacha kuandika. Akatoa futi, kama ya fundi cherehani, akanizungushia shingoni: sentimita 41. Ikifika 40 wanaanza kushuku ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Akauliza kama naamka na kichwa kinauma. Ndiyo, karibu kila asubuhi, na mdomo mkavu. Kama naamka usiku kwenda haja ndogo. Ndiyo, na nilishapimwa sukari kwa sababu hiyo, haikuonekana. Akanifafanulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: koo likiziba usingizini, kifua huvuta kwa nguvu bila kupata hewa, na mvuto ule huutanua moyo. Moyo ukitanuka hudhani damu imezidi maji, hutoa homoni ya kuziamuru figo ziyatoe. Kumbe miaka yote hii kibofu changu kimesingiziwa.

Halafu maswali manane yaliyotungwa na daktari wa Australia, Murray Johns, yanaitwa kipimo cha Epworth. Unasinzia ukisoma? Ukitazama televisheni? Ukiwa abiria kwenye gari? Kila swali alama sifuri mpaka tatu, na ukizidi 10 kati ya 24 una jambo. Nimepata 17. Swali lililonikera ni la kusinzia ukiwa umekaa unaongea na mtu. Nilikumbuka kikao cha wazazi cha Februari. Mama mmoja ananieleza habari za mwanawe wa kidato cha tatu, nikashtuka, yeye ameshanyamaza, ananitazama, kalamu yangu imechora mstari kutoka kwenye jina la mtoto mpaka nje ya daftari.

Daktari anasema wanawake hupitwa sana. Hatuji tukilalamikia mkoromo, nani atauleta hospitali? Tunalalamikia uchovu, kichwa, usingizi wa mang'amung'amu. Basi tunaandikiwa vidonge vya usingizi, au tunaambiwa ni umri. Na umri kweli umo: hedhi ikikoma, hatari ya ugonjwa huu huongezeka. Lakini vidonge vya usingizi vinaweza kulilegeza koo zaidi. Nilikuwa navyo kwenye mkoba pale pale, nilipewa mwaka jana kwenye zahanati moja. Ameniambia niviache.

Jumatatu, 5 Mei 2025. Dar es Salaam

Nimelala kwa binti yangu Zuhura, Mbagala, nimefungwa kifaa cha kupimia pumzi usingizini: mkanda kifuani, kimrija chini ya pua, kibanio kidoleni. Zuhura akanipiga picha. Nimemwambia akiituma kwenye kundi la familia simpi radhi.

Majibu: pumzi inakatika au kupungua mara 38 kwa saa. Chini ya 5 ni hali ya kawaida, kuanzia 30 ni kali. Oksijeni kwenye damu ilishuka mpaka asilimia 74.

Daktari bingwa amenichorea. Mtu akilala, misuli ya ulimi na koo hulegea, na kwa wengine njia ya hewa hufunga kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni ikishuka, ubongo hugutuka, humwaga adrenalini, moyo hudunda, presha hupanda, koo hufunguka. Mwenye kulala hana habari, asubuhi atasema nimelala fofofo. Mara 38 kila saa. Dawa zangu tatu mchana zinashusha kile ambacho usiku kucha kinapandishwa.

Nikamuuliza nikiacha bila tiba itakuwaje. Hakuzungukazunguka. Presha isiyosikia dawa, mapigo ya moyo kwenda ovyo, kiharusi, kisukari nacho huandamana na hali hii, na ajali. Akaongeza la chumba cha upasuaji, ambalo singelifikiria: nikipigwa nusu kaputi bila wenyewe kujua nina ugonjwa huu, koo linaweza kuziba mikononi mwao. Ameliandika kwenye kadi yangu kwa wino mwekundu.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Baba Zuhura amesikiliza yote, mwisho akauliza bei ya mashine ya kupuliza hewa niliyoandikiwa. Nikamtajia. Akanyamaza, akaomba chai.

Inapita mshahara wangu wa miezi miwili. Bima imekataa. Nitakopa kwenye chama chetu cha walimu. Nimesoma kwamba mashine hii ilibuniwa Sydney na daktari Colin Sullivan, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1981. Inapuliza hewa puani kwa msukumo usiokatika ili koo lisijifunge. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu kooni apumulie hapo. Nimemsomea Baba Zuhura kipande hicho kwa sauti. Mkopo umepita.

Uzito nao nimeambiwa nipunguze. Marekani, Desemba 2024, waliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa wanene wenye ugonjwa huu. Bei yake sijauliza wala siulizi.

Jumapili, 18 Mei 2025

Shabani kaja kula. Mdogo wangu huyu anaendesha lori la saruji kutoka Pongwe mpaka Arusha, na shingo yake haihitaji futi. Pilau haijaisha kasinzia kwenye kiti, kijiko mkononi, mkoromo unatoka. Wifi akanitazama. "Ndivyo alivyo, wifi. Utingo wake ndiye anayempigisha soga njia nzima asilale."

Alipoamka nikamweleza. Akacheka. "Dada, dereva asiyekoroma huyo hajafanya kazi."

Nikamsimulia treni ya New York ya tarehe 1 Desemba 2013, iliyoingia kwenye kona ya kilomita 48 kwa saa ikiwa kwenye 132. Watu wanne walikufa. Dereva alipopimwa baadaye alikutwa na ugonjwa huu, mkali, na hakuwa anajua. Mwaka 2016 ikawa Hoboken, New Jersey: treni imefika mwisho wa reli haikusimama, mwanamke aliyekuwa kwenye jukwaa akafa, zaidi ya watu mia wakaumia. Dereva naye vile vile, mgonjwa asiyejijua.

"Hao ni wa treni," akasema Shabani. Kana kwamba Segera hadi Same kuna reli ya kumshikia lori barabarani.

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mashine ilifika siku kadhaa zilizopita. Usiku wa kwanza nimeivua saa saba, nikaona heri mkoromo. Hewa inavuja pembeni ya pua na kunipuliza machoni. Mikanda inagombana na misuko. Nimefumua nywele, nimesuka twende kilioni bapa, mikanda sasa inakaa. Asubuhi nina mistari miwili mashavuni, na Mwalimu Mkuu, kwa adabu zake, ameuliza kama nyumbani kuna amani.

Kuna kikopo cha maji cha kulainisha hewa. Nilitia maji ya kisima chetu, baada ya siku chache kimefanya ukoko mweupe wa chumvi. Sasa nanunua yale maji yaliyokenekwa, na kikopo nakiosha kila asubuhi kwa sabuni.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Likizo. Umeme ulikatika usiku wa manane, nikaamka nimevaa barakoa isiyo na hewa. Nikaivua, nikalala hivyo hivyo, na asubuhi kichwa kile cha zamani kimerudi. Nilikuwa nishakisahau! Fundi anasema betri na inveta vitatosha usiku mmoja. Mkopo mwingine huo.

Lakini niandike na hili: siku hizi natazama taarifa ya habari mpaka mwisho. Usiku siamki kwenda chooni ila mara moja moja. Baba Zuhura amerudi chumbani na mto wake. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Jumapili, 13 Julai 2025

Juzi kliniki: 142 kwa 88. Nilitaka daktari ashangilie, hakushangilia. Anasema kwa kawaida mashine hushusha presha kidogo tu, dawa ziendelee. Nikamuuliza kama sasa nimekingwa na kiharusi. Akanieleza utafiti uitwao SAVE, uliotolewa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi. Waliopewa mashine walipungukiwa na usinziaji, lakini kiharusi na maradhi ya moyo havikupungua. Ila wastani waliivaa saa 3.3 tu kwa usiku. Je, wangeivaa usiku mzima? Hapo kasema haahidi. Nimependa kuambiwa kweli. Mimi naivaa hadi alfajiri, kwa sababu mchana wangu nimeupata tena, na huo sikuahidiwa na mtu, nauona.

Jana utingo wa Shabani kanipigia kutoka Mombo. Lori lilitoka barabarani likaenda na vichaka hatua kadhaa kabla hajamgutusha kwa kelele. Hakuna aliyeumia. Shabani aliposhika simu alisema ni tairi. Utingo anasema matairi ni mazima yote.

Anapimwa Jumanne. Leseni yake kaificha mkewe mpaka majibu yatoke, na aliyemshauri ni mimi.