Mashine Haikukosa, Nilikosa Mimi

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi na kupata alama zangu, lakini maana yake hasa sikuipata hadi likizo ya Desemba iliyopita, nyumbani kwa mjomba wangu mtaani Nyali, Mombasa. Msomaji mpenzi, hebu keti nikusimulie, maana kisa chenyewe kinanihusu mimi na aibu yake ni yangu.

Mjomba ni fundi wa mitambo ya baridi. Havuti sigara wala hanywi kileo; uraibu wake ni mmoja tu, nao ni tangi la kioo la lita 300 lililo sebuleni pake. Ukiingia usiku taa za samawati zikiwaka, utadhani umechungulia dirisha la bahari. Humo mna vijisamaki vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeupe, na mna matumbawe hai. Usije ukafikiri kwamba aliyang'oa baharini, la! Ni vipande vilivyokuzwa katika matangi, na vibali vyake amevihifadhi katika faili, kwani matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Nilipofika mara ya kwanza nilimwuliza, "Mjomba, mawe haya unayalisha nini?" Akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Mpwangu, hayo si mawe. Ni wanyama. Kila kitundu unachokiona ni mdomo. Na ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana unaotumia mwanga kuwapikia chakula."

Basi akanieleza kwamba wanyama hao hawataki makuu, wanataka tu mambo yasibadilike. Joto liwe kama digrii 26. Chumvi iwe gramu 35 katika kila kilo ya maji. Kalisiamu iwe kama miligramu 420 kwa lita, kwa sababu ndiyo wanayojengea mifupa yao. Baharini haya hujiendesha yenyewe, maana bahari ni kubwa. Katika tangi, kosa la saa chache laweza kuua.

Hapo ndipo inapoingia ile mashine. Ni kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu cha mazoezi, chenye kioo cha kuonyesha nambari. Kutoka kwake zinateremka nyaya hadi tangi la pili lililofichwa kabatini, na mwishoni mwa kila waya mna kijiti cha kupimia: kimoja cha joto, kimoja cha chumvi, kimoja cha pH. Maji yakipoa, kisanduku huwasha hita. Yakipata moto, huizima na kuwasha feni. Maji yakipungua kwa kuvukizwa, kiboya hushuka na pampu huongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haivukizwi. Pampu nyingine hudondosha kalisiamu kidogo kidogo mchana na usiku. Jambo lolote likipita mpaka, mashine humpigia mjomba kengele kwenye simu yake, popote alipo. Mimi nilistaajabu ya Musa, nikasema moyoni: sasa binadamu ana kazi gani tena hapa?

Wiki ya pili mjomba alisafiri kwenda Kisumu kikazi. Aliniachia maagizo matatu: nilishe samaki mara moja kwa siku, nifute kioo, na kila asubuhi nisome kile kipimajoto cha zamani cha kioo kilichobandikwa ubavuni mwa tangi. "Mashine haioni, mpwangu," alisema. "Inasoma tu inachopewa." Niliitikia, "Sawa, mjomba," huku sikio moja likipokea na la pili likitoa.

Siku ya tatu, jioni, nilisafisha tangi la kabatini. Kijiti cha joto kilinizuia, nikakitoa, nikakining'iniza ukingoni. Nikamaliza kazi yangu, nikafunga kabati, nikaenda kutazama mpira. Kijiti kikabaki hapo nje ya maji, kama mlinzi aliyefungiwa nje ya lango.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Sebule ya mjomba ina kiyoyozi, na hewa yake ilikuwa kama digrii 24. Kijiti kikapima hewa, kikaripoti 24. Mashine ikasema, "Maji yamepoa," ikazima feni na kuwasha hita. Hita ikachemka usiku kucha. Kijiti nacho kikaendelea kuripoti 24. Kengele haikulia, kwa kuwa ilipangwa ilie joto likishuka chini ya 23 au likipita 28. Asubuhi nilitupia jicho kile kisanduku, nikaona 24.4, nikaenda zangu kunywa chai. Kipimajoto cha kioo sikukitazama. Ya nini, na kompyuta ipo?

Nyanya, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Watamu, ndiye aliyeniita.

"Weye mjukuu wangu, njoo! Mbona samaki wenu wanatweta?"

"Aa, nyanya, usijali. Mashine yasema mambo ni shwari."

Nyanya hakunijibu. Alikunja mkono wa dera lake, akatumbukiza mkono tangini, akanigeukia. "Maji haya yana moto kama ya kumwogeshea mtoto."

Nilikimbia kwenye kipimajoto. Digrii 31! Moyo ulinipasuka paa. Samaki walikuwa juu wakigugumia hewa, kwani maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi. Nilichomoa hita, nikampigia mjomba simu huku sauti ikitetemeka. Akaniamuru niwashe feni zote, nielee chupa za maji baridi zilizofungwa vizuri, nishushe joto polepole, wala nisitie barafu ndani, kwa maana mshtuko wa pili ungemaliza waliobaki. Hadi magharibi tulikuwa tumerudi 27.

Jioni ile nyanya aliketi karibu nami mbele ya tangi. Tumbawe moja lenye matawi kama pembe za swara lilikuwa likichunika nyama, likiacha mfupa mweupe. "Nilishaona weupe huu," alisema taratibu. "Mwaka wa 1998, mwaka wa El Nino, bahari ilipata moto. Mwamba wote wa kwetu uligeuka mweupe, ukafa sehemu kubwa. Babu yako akenda kuvua, akirudi hasemi na mtu." Nikakumbuka somo la mjomba: joto likizidi, tumbawe huutapika ule mwani unaolilisha, na lisipoupata tena mapema, hufa njaa.

Mjomba aliporudi, kijiti nilikuwa nimekwisha kukirudisha majini. Alifungua kumbukumbu za mashine, akatazama mchoro wa joto. "Ajabu! Kila siku mchoro hupanda na kushuka kama wimbi, lakini usiku ule umenyooka kama rula. Kijiti kimeharibika. Yule mwenye duka ameniuzia kitu kibovu. Kesho namrudishia, na nitamwambia maneno!"

Hapo shetani alinishika bega. Nyamaza tu, alininong'oneza. Kijiti hakina kinywa. Nilimtazama nyanya, naye alikuwa akimenya viazi wala hakuinua uso. Nilikumbuka kuwa njia ya mwongo ni fupi. Lakini kilichonishinda hasa ni kumfikiria yule mwenye duka akitukanwa kwa kosa langu.

"Mjomba, nisamehe. Kijiti ni kizima. Mimi ndiye niliyekitoa, nikakisahau."

Kimya kilitanda. Mjomba alitazama lile tumbawe jeupe alilolilea miaka minne tangu likiwa na ukubwa wa kidole gumba. Kisha akavuta pumzi. "Haya. Sasa njoo tutengeneze."

Tuliongeza kijiti cha pili, ili viwili visipokubaliana kengele ilie. Hita tukaifunga kwa kidhibiti chake yenyewe kwenye digrii 27, ili hata mashine ikipotoshwa isichemshe maji. Tukapanga pia kengele ilie hita ikiwaka zaidi ya saa mbili mfululizo. Juu ya kipimajoto cha kioo nilibandika karatasi kwa mwandiko wangu: NITAZAME.

Tumbawe la pembe halikupona. Mengine yote yaliishi, na samaki hakufa hata mmoja. Mfupa wa lile tumbawe mjomba alinipa niende nao shuleni. Umo sandukuni mwangu bwenini, karibu na vitabu. Wanachama wenzangu, atakayetaka kuuona aje, nami nitamwonyesha. Mashine ni msaidizi mwema, lakini mwenye macho ni wewe.