MGUSO MMOJA WA DAMU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hii tumezoea kuisikia kwenye gwaride, mwalimu wa zamu akiwaonya watoro. Leo ningependa kuipeleka mbali kidogo, hadi ndani ya damu. Najua baadhi yenu mtauliza, kwani Chama cha Kiswahili kimegeuka kuwa chama cha Sayansi? La hasha! Lugha yetu inaweza kusema jambo lolote, bora msemaji alielewe.

Tuanze na protini. Sizungumzii maharagwe ya chakula cha mchana, bali protini yenyewe jinsi ilivyoumbwa. Ichukue kama uzi wa shanga. Shanga hizo huitwa asidi amino, nazo kwa kawaida ziko za aina 20. Uzi huu haukai umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hujikunja na kujifumbata, hata shanga zilizo mbalimbali katika uzi hujikuta zimepakana. Ni kama ndani ya matatu. Aliyepandia Kisumu na aliyepandia Ahero hubanana kiti kimoja, ingawa kwao si karibu. Shanga zikikaribiana hivyo, wanasayansi husema zimegusana. Kuchunguza miguso ya protini ni kuuliza: nani amepakana na nani, kwa umbali gani, na mpakano huo unaleta nini?

Kwangu mimi swali hili si la kupitisha wakati. Dada yangu mdogo, ambaye yuko Gredi ya Saba, ana ugonjwa wa selimundu. Yeyote aliyewahi kulala nyumba moja na mgonjwa wa aina hii anajua usiku ulivyo mrefu. Maumivu humshika mifupani na mgongoni, nasi huanza kutafuta pikipiki saa nane za usiku. Watu nao hawakosi la kusema. Huyu, ati amerogwa. Yule, ati mama alivunja mwiko. Shangazi zangu waliwahi kumwambia baba mbele yetu sote kwamba alioa kwenye ukoo wenye damu mbaya. Mama hakujibu neno. Aliinuka akaenda jikoni. Nikaapa moyoni kwamba hiyo damu mbaya nitaitafuta mpaka niione iko wapi.

Kumbe wengine walikuwa wameitafuta zamani. Mwaka wa 1910, daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu za damu zilikuwa zimepinda kama mundu. Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye himoglobini yenyewe, ile protini inayobeba oksijeni. Kati ya 1956 na 1957, Vernon Ingram, pale Cambridge nchini Uingereza, aliikata himoglobini vipande vipande akaviilinganisha na vya mtu mzima wa afya. Alikuta tofauti ya ushanga mmoja tu. Penye asidi glutamiki palikuwa na valini.

Hebu fikirini! Himoglobini ina nyuzi 4: mbili za alfa, kila mmoja una shanga 141, na mbili za beta, kila mmoja una shanga 146. Jumla ni shanga 574. Katika uzi wa beta, ushanga wa 6 umebadilika, basi, na mtoto analia usiku kucha. Samaki mmoja huyo!

Lakini kwa nini? Jibu limo kwenye miguso. Max Perutz, aliyefanya kazi hapo hapo Cambridge, alitumia zaidi ya miaka 20 kuipiga fuwele ya himoglobini kwa eksirei mpaka akaijua sura yake, na mwaka wa 1962 yeye na John Kendrew walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo mahali pa kila atomu huandikwa kwa nambari tatu, kama zile tunazosoma katika sura ya Vekta. Mwalimu wetu wa Bayolojia alinichapishia kurasa chache za himoglobini ya selimundu, kutokana na uchunguzi uliotolewa mwaka wa 1997, akaniambia, "Haya kijana, Pythagoras anakungoja."

Kazi ni hii. Unachukua nambari tatu za atomu moja, unatoa nambari tatu za atomu nyingine, unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Umbali unaoupata ni wa angstromu, na angstromu moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni 10. Wachunguzi wengi husema shanga mbili zimegusana ikiwa atomu zao ziko ndani ya angstromu 4 au 5. Ukitaka kupima kila jozi ya shanga katika himoglobini moja, utapima jozi 164,451. Kompyuta huzimaliza kufumba na kufumbua. Mimi na kikokotoo changu tulichagua jozi chache, tukakesha.

Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike insha hii. Valini ile ya 6 haigombani na jirani zake wa nyumbani. Inatoka nje, inavuka hadi himoglobini ya pili, na kuingia katika kijishimo kilicho kwenye uzi wa beta wa huko. Ndani ya kijishimo inagusana na fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Zote tatu ni shanga zinazochukia maji, kama mafuta, kwa hiyo hujificha pamoja. Asidi glutamiki hupenda maji, haina haja na kijishimo hicho. Na kijishimo chenyewe tunacho sote, mimi na wewe. Kinachokosekana kwetu ni wa kukiingia.

Himoglobini ya pili nayo hushika ya tatu, ya tatu ya nne, hadi ziwe kamba ngumu yenye nyuzi 14 zilizosokotwa. Kamba hiyo ndiyo inayokunja chembe ya damu ikawa mundu, ikaziba mishipa midogo. Jambo hili hutokea himoglobini ikiwa imekwisha kuachilia oksijeni, maana hapo ndipo sura yake hugeuka na shanga hizo zikaweza kukutana. Maji yakipungua mwilini himoglobini husongamana, na mguso unakuwa rahisi zaidi. Sasa najua kwa nini daktari husema, "Mpeni maji, mfunikeni, asikimbie kupita kiasi." Yule anapigana na mguso.

Iko ajabu nyingine. Mtoto mchanga ana himoglobini ya namna yake, ambayo badala ya uzi wa beta ina uzi wa gama. Ushanga wa 87, jirani wa hao 85 na 88, kwenye beta ni threonini, na kwenye gama ni glutamini. Glutamini hiyo husaidia kuharibu mshikano. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu kwa kawaida haugui miezi ya kwanza. Dawa ya haidroksiyurea, anayoimeza dada yangu, huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya utotoni. Na Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni. Mojawapo humpa mgonjwa jeni ya beta iliyowekwa glutamini pale pale kwenye 87. Bei yake inapita dola milioni 2. Hata tukiuza ng'ombe wa kata nzima hatufiki. Hata hivyo, njia imeonekana, na ilionekana kwa sababu kuna watu waliokaa wakapima nani amemgusa nani.

Sasa nirudi kwa shangazi. Walipokuja Krismasi niliwachorea nyuzi zangu kwenye daftari. Nikawaeleza kwamba mtoto huugua aina hii anapopokea jeni moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa nayo moja moja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Isitoshe, Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa hapa Kenya, alikusanya damu za watu wetu mwaka wa 1949, akakuta jeni hii ni ya kawaida Pwani na kando ya Ziwa, na ni haba nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alionyesha sababu: mwenye jeni moja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo damu mnayoiita mbaya ndiyo iliyowaokoa babu zetu na mbu wa ziwani.

Shangazi mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hata sisi tunaweza kuwa nayo?"

"Ndiyo, shangazi. Mnaweza kupimwa."

Alienda. Majibu ni siri yake, lakini neno "damu mbaya" sijalisikia tena nyumbani kwetu.

Wanafunzi wenzangu, wasia wangu ni mfupi. Ukimwona mwenzako amejikunyata nyuma ya darasa siku ya baridi, usimwite mvivu, wala usinong'one kwamba amerogwa. Mletee maji, mwazime sweta, umwite mwalimu. Na nyinyi mnaouliza kila siku Vekta itatusaidia nini maishani, hesabuni tu, msichoke. Huenda jozi inayongoja kupimwa inamhusu mtu wa nyumbani kwenu.