Nyumba za Pikipiki za Italia na Washindani Wao

Hapana shaka katika nyumba zenu mna vijana wajuao majina ya pikipiki kuliko wajuavyo majina ya wajomba zao. Mkiwasikiliza wakibishana juu ya zile za Italia, mtasikia swali moja tu: ni ipi iliyoshinda mara nyingi? Mmoja atasema MV Agusta, wa pili atasema Ducati, na akiwapo mzee barazani atasema Moto Guzzi, nao watamcheka. Sisi twaona ya kuwa swali hilo halitoshi. Kwanza yafaa kuuliza mshindi alishindana na nani, na kila nyumba ilitaka nini ilipoanza kazi.

Tuanze na mama mmoja. Katika mji wa Pesaro, kando ya bahari ya Adriatiki, alikuwako mjane, jina lake Teresa Benelli, mwenye wana sita wa kiume. Mwaka 1911 alitoa mali ya jamaa akawafungulia wanawe karakana, wapate kazi ya kudumu. Kwanza walitengeneza baiskeli na pikipiki za watu wengine, baadaye wakaunda za kwao. Kitinda mimba wao, Antonio, ambaye jamaa walimwita Tonino, ndiye aliyezipanda mashindanoni, akawa bingwa wa Italia mara nne kati ya mwaka 1927 na 1931. Akafa kwa ajali mwaka 1937. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Giuseppe, mmoja wa wale ndugu, alikosana na wenzake, akatoka, akajenga kiwanda chake katika mji ule ule, na pikipiki zake zikaitwa Motobi. Basi watu wa Pesaro wakawa na nyumba mbili za mama mmoja zinazogombea wanunuzi wale wale. Viwanda hivyo havikuungana tena mpaka mwaka 1962, na Giuseppe mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Nyumba ya Agusta nayo ilipita mikononi mwa mjane. Giovanni Agusta alikuwa mwunda ndege. Alipofariki mwaka 1927 alimwachia kazi mkewe Giuseppina, na mwana wao Domenico akaishika pamoja na mamaye. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Waitalia walikatazwa kuunda ndege, na mafundi wale hawakuweza kukaa bure; kwa hiyo Domenico aligeukia pikipiki. Herufi M na V zilitaja kazi ya mitambo na kijiji chao cha Verghera, karibu na Milan. Yeye Domenico alikuwa mtu wa cheo, mkali, asiyependa kuwa wa pili. Hata fundi Piero Remor, aliyekuwa amewaundia Gilera pikipiki yao ya silinda nne, alihama kwao akaingia kwa Agusta. Haikuwa ajabu basi kwamba pikipiki za nyumba hizo mbili zilifanana kama watoto wa baba mmoja.

Moto Guzzi ilitoka katika urafiki, wala si katika ukoo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza watu watatu walikutana katika kikosi cha ndege: Carlo Guzzi aliyekuwa fundi, na Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli waliokuwa marubani. Walipatana kwamba vita vikiisha, Guzzi ataunda pikipiki, Parodi atatafuta fedha kwa baba yake, na Ravelli, aliyekuwa mwendeshaji hodari, atazishindania. Ravelli akaanguka na ndege mwaka 1919, akafa. Wenzake wawili walianza bila yeye mwaka 1921, huko Mandello del Lario kando ya ziwa Como, na kwa kumkumbuka wakaweka juu ya kila pikipiki mfano wa tai aliyekunjua mabawa. Tai huyo yupo hata leo. Kila mara tumwonapo, twamkumbuka yule wa tatu ambaye hakupata kuipanda hata moja.

Guzzi hawakuwa watu wa kelele. Walikuwa wa kwanza kumpeleka Mwitalia akashinda katika mbio za kisiwa cha Man, naye ni Omobono Tenni, mwaka 1937. Tenni huyo aliuawa na mbio mwaka 1948 huko Bern. Baada ya mwaka 1965 walianza kuuza pikipiki yenye silinda mbili kubwa zilizotokeza kulia na kushoto, upepo ukizipoza zote mbili sawasawa, na nguvu za injini zikifika gurudumu la nyuma kwa mti wa chuma unaozunguka, bila mnyororo. Sisi tuliokwisha kupaka mnyororo mafuta jioni na kuukuta umejaa vumbi kesho yake kabla ya saa nne, hatuhitaji kuelezwa sana faida yake. Wanaowacheka Guzzi kwa uzito wao, na waende safari ya siku tatu kisha wacheke.

Sasa tufike kwenye mwaka 1957, kwa maana hapo ndipo penye shina la ubishi wote. Mpaka mwaka huo nyumba za Italia zilipigana kwelikweli. Gilera, iliyoanzishwa na Giuseppe Gilera mwaka 1909, ilikuwa imechukua ubingwa wa dunia wa pikipiki kubwa, zile za 500, mara sita: Umberto Masetti mwaka 1950 na 1952, Mwingereza Geoff Duke mara tatu mfululizo tangu 1953, na Libero Liberati mwaka 1957 wenyewe. Guzzi kwa upande wao waliunda injini ya silinda nane, jambo ambalo watu walidhani halina akili. Lakini fedha zilikuwa zikiisha. Fiat walikuwa wamekwisha kutoa motakaa ndogo, na baba mwenye mke na watoto wawili aliyeweza kununua yenye paa hakutaka tena kulowa mvua. Tena Mzee Gilera alikuwa amempoteza mwanawe Ferruccio mwaka 1956, na furaha ya mbio ilimtoka. Basi Guzzi, Gilera na Mondial walipatana kuacha mashindano ya dunia. Agusta alikubali pamoja nao. Kisha akageuka, akabaki.

Matokeo yake yalikuwaje? Mwaka 1958 MV Agusta ilichukua ubingwa katika madaraja yote manne, la 125, la 250, la 350 na la 500. Mwaka 1959 vivyo hivyo. Mwaka 1960 vivyo hivyo. Katika daraja la 500 mwendeshaji wa MV alikuwa bingwa tangu 1958 mpaka 1974, yaani miaka kumi na saba bila kukosa. Hatusemi ya kuwa John Surtees na Mike Hailwood hawakuwa hodari. Walikuwa hodari mno. Twasema tu kwamba mtu akikimbia katika uwanja ambao wenye mbio wengine wametoka, saa yake yaweza kuwa nzuri, lakini hatujui angalifanya nini kama wangalikuwapo.

Giacomo Agostini aliingia katika nyumba hiyo mwaka 1965. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye adabu, mpole wa mkono juu ya usukani. Kwa miaka miwili alipata mshindani wa kweli, kwa kuwa Hailwood alikuwa amehamia Honda ya Japani. Mwaka 1967 walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na sawa kwa ushindi, watano kwa watano, na Agostini akapewa ubingwa kwa kuwa alikuwa wa pili mara nyingi zaidi. Katika kisiwa cha Man mwaka huo walifuatana kwa sekunde chache hata mnyororo wa Agostini ulipokatika. Yeye alishindwa siku ile, na hata hivyo watu huikumbuka kuliko siku nyingi alizoshinda. Honda wakaondoka. Mwaka 1968 zilikuwako mbio kumi za 500, Agostini akashinda zote kumi. Na za 350 zilikuwa saba, akashinda zote saba.

Ndipo watu wa Italia wakamgeukia Renzo Pasolini. Huyu alizaliwa Rimini, mwana wa mwendeshaji, akavaa miwani hata chini ya kofia ya mbio, akavuta sigara, akapinda kona kwa namna iliyowafanya watazamaji kushika vichwa vyao. Pikipiki yake ilikuwa Benelli, ya wale wana wa mjane wa Pesaro, na kiwanda chao kilikuwa kidogo kuliko cha Agusta. Nchi iligawanyika: wa Ago huku, wa Paso kule. Katika mbio za masika zilizofanywa ndani ya miji ya mwambao wa Adriatiki, Pasolini alipambana na Agostini mbele ya watu wa kwao, na ziko siku alizomshinda. Katika ubingwa wa dunia hakumpata. Mwaka 1968 alikuwa wa pili nyuma yake kwa pikipiki za 350. Mwaka 1969 alikuwa karibu kuchukua ubingwa wa 250, akaumia, na Mwaustralia Kel Carruthers akaichukulia Benelli heshima hiyo. Mwaka 1972, akiwa amehamia pikipiki nyingine, alikosa ubingwa wa 250 kwa pointi moja tu, mbele yake akiwa Jarno Saarinen, Mfini.

Sisi, tukiulizwa, twakaa upande wa Pasolini. Si kwa sababu ya kuwahurumia walioshindwa. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyemfanya Agostini aonekane. Kabla yake watu walikwenda kumtazama bingwa akipita peke yake. Alipokuja yeye walikwenda kutazama mbio.

Walakini lazima tutaje na gharama yake. Mwaka 1971 huko Riccione, mvua ikinyesha, Angelo Bergamonti alianguka akimfukuza Agostini, akafa. Na hao wawili walikuwa wa nyumba moja ya MV. Zile mbio za mjini zikakoma. Tarehe 20 Mei 1973, katika uwanja wa Monza, mbio za 250 zilipokuwa hazijamaliza mzunguko wa kwanza, Pasolini alianguka katika kona kubwa, Saarinen aliyekuwa nyuma yake hakuweza kuepa, na wengine zaidi ya kumi wakaanguka juu yao. Pasolini na Saarinen wakafa wote wawili mahali pale. Wako waliosema injini ya Pasolini ilikamatana. Wako waliosema barabara ilikuwa na mafuta yaliyomwagika katika mbio zilizotangulia, kutoka katika pikipiki ya Benelli. Ubishi huo haujakwisha.

Mwaka ule ule Agostini alikuwa na mshindani katika nyumba yake mwenyewe, Mwingereza Phil Read, aliyechukua ubingwa wa 500 kwa pikipiki ya MV kama yake. Agostini akahama, akaenda Yamaha. Waitalia wengi waliumia. Lakini tazameni alichokifanya huko: mwaka 1974 alikuwa bingwa wa 350, na mwaka 1975 bingwa wa 500, dhidi ya ile MV iliyomlea. Ubingwa wake wote ni kumi na tano. Ule wa mwisho, alioupata bila nyumba kubwa ya kwao nyuma yake, sisi twauweka juu ya mingine.

Wasomaji watauliza, na Ducati? Hawa walianza Bologna mwaka 1926 kwa vyombo vya redio. Kiwanda chao kilipigwa mabomu mwaka 1944, wakainuka kwa injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, iliyoitwa Cucciolo, maana yake kitoto cha mbwa. Fundi wao mkuu alikuwa Fabio Taglioni. Katika injini nyingi vali hufunguliwa kwa chuma na kufungwa kwa springi, na mwendo ukizidi springi huchelewa. Taglioni aliweka mkono wa chuma wa kuifunga pia, na hivyo ndivyo Ducati wafanyavyo mashindanoni hata leo. Mwaka 2022 Francesco Bagnaia alikuwa bingwa wa daraja kubwa juu ya Ducati, Mwitalia wa kwanza kufanya hivyo kwa pikipiki ya Italia tangu Agostini wa mwaka 1972. Valentino Rossi mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wa Bagnaia, alikaa miaka miwili kwa Ducati, 2011 na 2012, asishinde hata mara moja.

Baadaye Ducati nao walikaribia kuwa peke yao. Mwaka 2024 zilifanywa mbio kubwa ishirini, wao wakashinda kumi na tisa. Ile moja ilichukuliwa huko Marekani na Maverick Viñales juu ya Aprilia, nyumba ya Noale karibu na Venice, iliyoanza kwa baiskeli na ambayo leo ina bwana mmoja na Moto Guzzi. Jorge Martín, bingwa wa mwaka ule, alikuwa juu ya Ducati. Lakini nafasi aliyoitamani katika timu ya kiwanda akapewa Marc Márquez, basi akaichukua namba 1 yake akaenda nayo Aprilia. Márquez akawa bingwa wa mwaka 2025. Na katika mwaka huo huo huko Silverstone, aliyefika wa kwanza alikuwa Marco Bezzecchi, juu ya Aprilia. Yeye naye ni mzaliwa wa Rimini.