Nyegezi: Kiangazi Hakiui Ua, Mwuaji ni Wewe!

Ukiteremka stendi ya Nyegezi usikimbilie basi la Shinyanga tu, msomaji wangu. Upande wa ziwani kuna Nyegezi nyingine: mawe makubwa yamepandiana kama wanamieleka, nyumba zimejibanza katikati yake, na upepo wa Ziwa Victoria unapuliza bure, haudai nauli. Kuna chuo cha uvuvi, na kule Malimbe ndiko wanakotamba wanachuo wa SAUT.

Sasa pita mitaa hiyo Agosti, jua likiwa halina mchezo. Vibarazani utaona makopo ya maua yamenyauka, yanasubiri jalala. Ukikuta krisanthemumu, lile ua la petali nyingi nyembamba, ndugu wa pareto ya Iringa na Mbeya, mwambie mwenyewe asubiri kwanza. Halijafa hilo!

Wazungu wana haki ya kuhangaika nalo. Kwao baridi inagandisha udongo, hivyo hukata shina, hung'oa kisiki na kukihifadhi bandani mpaka joto lirudi. Sisi Mwanza barafu tunaiona kwenye soda na kwenye sangara. Adui wetu ni ukame wa Juni hadi Septemba.

Dawa yake rahisi. Ua likishapukutika, kata mashina, bakiza kama sentimeta 10. Sogeza kopo kivulini, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, mwagilia asubuhi bila kulizamisha. Machipukizi yatatoka chini. Yakikomaa kidogo, kata ncha za sentimeta 7 hivi, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Wiki mbili tatu mizizi hiyo! Hamishia kwenye viriba vyenye udongo na samadi iliyooza, kisha dona ncha ili mche utoe matawi.

Ila angalia taa. Ua hili linataka usiku mrefu wenye giza ndipo lichanue. Mwanza tuko jirani na ikweta, giza la karibu saa 12 tunalo mwaka mzima. Ukiliweka chini ya taa ya ulinzi utavuna majani matupu, halafu useme umerogwa! Wakulima wa maua Arusha wanautumia ujanja huo makusudi: huwasha taa usiku ili mimea mama isichanue, iendelee kutoa vipandikizi vya kupelekwa Ulaya.

Wewe uliyemaliza shule na bahasha ya kaki imechakaa kwapani, umeliona dili? Kisiki kimoja kinatoa miche kadhaa, na mtaji ni mkasi, mchanga na viriba. Ukianza Agosti, mvua za vuli zinapofungua Oktoba unayo miche mkononi, wakati jirani aliyetupa la kwake anatafuta pa kununua.

Kwa hiyo washikaji, mkasi kwanza, jalala baadaye.