Harufu ya Mpira Unaoungua Garini

Ukiwa ndani ya gari ukasikia harufu ya mpira unaoungua, usikimbilie kufungua dirisha, wala usitegemee kile kichupa cha manukato kinachoning'inia mbele ya dereva. Harufu ile ni habari, na aghlabu anayeipata mwanzo si dereva. Pua ya mwanadamu huzoea. Ikikaa na harufu moja dakika chache tu huanza kuiacha, ingawa harufu yenyewe ipo pale pale. Dereva aliyemo garini tangu asubuhi aweza kuapa kuwa hapana kitu, na mtoto aliyepanda sasa hivi akaziba pua. Katika jambo hili, basi, mtoto ndiye shahidi wa kutegemewa.

Nasema haya kwa kuwa desturi yetu ni kinyume. Mwenye usukani ndiye msemaji. Waliokaa nyuma, wanawake na watoto, wakitoa neno huambiwa ni harufu ya nje. Mwaka mmoja tulikuwa tukitoka Mombasa kwenda harusini Malindi, mpwa wangu akiendesha, mama yangu mzazi yuko nyuma. Tulipokwisha kupita Mtwapa mama akasema, "Mjukuu wangu, kuna kitu kinaungua." Kijana, naye ana adabu zake, akajibu, "Hapana, Bibi, ni lile lori la mbele." Lori likakunja kona likaenda zake, harufu ikabaki. Mama akasema mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu aombaye radhi. Hapo nikamwambia kijana aweke gari kando.

Tulishuka, nikalizunguka gari nikipeleka kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Matatu yalikuwa na vuguvugu la kawaida. La nyuma kushoto lilikuwa likitoa joto kama jiko la makaa. Hendibreki ilikuwa imeteremshwa, lakini waya wake ulikuwa umeshika kutu na breki haikuachia. Lau tungalishikilia safari, na ilikuwa imebaki zaidi ya kilomita 80, joto lile lingaliweza kuchemsha mafuta ya breki, hata pedali ikazama chini bila ya gari kusimama, au tairi likapasuka. Hatukulimwagia maji, kwani chuma chenye moto kikipata baridi ya ghafula hupinda au hupasuka. Tuliliacha likapoa lenyewe, fundi wa karibu akaja akaulegeza waya. Harusini tulifika pilau imekwisha.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuzijua hizi breki zinazoshika. Hewa yetu ina chumvi, na gari likilala wiki mbili tatu chini ya mwembe bila kutembezwa, kutu huingia penye vyuma vinavyopasa kuteleza.

Lakini si kila harufu hiyo ni breki, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha: hununua kifaa kabla ya kuuliza harufu ilikuja lini. Ikija pamoja na mlio mkali wakati wa kuwasha injini, angalia mkanda wa feni. Yumkini umelegea, au pampu ya maji imekaza nao unateleza juu yake. Ikija kwenye mwinuko, injini ikavuma na gari lisiende, hiyo ni klachi. Kule Likoni utawaona madereva wa magari ya gia za mkono wamelizuia gari kwenye mteremko wa feri kwa klachi, breki ipo bure. Ikija gari likijaa watu na mizigo tu, tazama tairi na bodi inayolifunika: huenda springi zimechoka na tairi linasuguana, nawe utaona mahali palipong'aa. Oili ikidondokea bomba la moshi nayo hunuka vibaya. Na wakati mwingine ni mfuko tu ulionasa kwenye bomba hilo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019, ila magunia ya nailoni bado yamejaa njiani.

Ya kuogopwa zaidi ni harufu ya waya, kali kama plastiki iliyotiwa motoni, ambayo yaweza kuja hata gari limesimama. Zima injini, teremsha watu wote, wapeleke mbali. Ukiona moshi mwingi boneti, usiifungue wazi, maana hewa hulisha moto. Kama hapana moshi na unajua kazi yake, ng'oa waya wa betri. Kisha muulize fundi aliyelishika gari mwisho alifanya nini kwenye fyuzi. Wako wanaoona fyuzi ya ampea 10 inakatika kila mara, wakatia ya 30, au wakaunga kipande cha waya, wakapokea ujira wao. Fyuzi iliwekwa ikatike ili waya usiungue. Mwenye kuizuia ameuacha moto ndani ya gari la watu na watoto wao.

Fundi akikurudishia gari, mwambie akuonyeshe kifaa alichokitoa. Liendeshe kilomita chache, madirisha yamefungwa, hata lipate moto. Ukifika nyumbani, mwite mmoja wa watoto ambaye hakuwamo, aingie akae kidogo, umuulize anasikia harufu gani.