Barua kwa Mpwa Anayeanza Kuhariri Video

Programu ya kuhariri video haikati video. Hilo ndilo la kwanza kuelewa, na wengi huchelewa kulijua. Mhariri anapogawa kipande cha harusi na kufuta nusu yake, faili lililotoka kwenye kamera hubaki vilevile, halijapungua hata fremu moja. Kinachobadilika ni maelekezo tu: anzia hapa, ishia pale, kisha kifuate kipande kile. Video mpya huzaliwa siku ya kuitoa. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujaribu, kuharibu na kurudia mara mia bila kupoteza kitu, na hakuna nguvu ya programu hizi inayoishinda hiyo.

Udhaifu wa programu hizi hutokana na jambo hilohilo. Faili likihamishwa folda, au kadi ya memori ikifutwa mapema, maelekezo hubaki bila picha na taimulaini, yaani mstari wa kupangia vipande, hugeuka nyekundu. Kila kazi iwe na folda yake, nakala iwekwe kwenye diski ya pili, na kadi isifutwe kabla mteja hajapokea kazi.

DaVinci Resolve ni mfano mzuri kwa anayeanza. Asili yake ni mitambo ya kusahihisha rangi ya kampuni ya da Vinci Systems ya Florida, Marekani. Zamani mitambo hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Ni studio kubwa tu zilizoimudu. Blackmagic Design ya Australia iliinunua kampuni hiyo mwaka 2009, na mwaka 2011 likatoka toleo la bure. Baadaye iliongezwa sehemu ya sauti, Fairlight, mwaka 2017, na ya efekti, Fusion, mwaka 2018. Toleo la bure hutoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, na kwa harusi, mahubiri au filamu fupi hilo linatosha kabisa.

Kabla ya kipande cha kwanza kuwekwa kwenye taimulaini, idadi ya fremu kwa sekunde iwe imeshachaguliwa, maana baada ya hapo programu haikubali kuibadilisha. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo kurekodi kwa fremu 25, shata ikiwa 1/50 ya sekunde, huzuia taa za ukumbini kupepesa kwenye picha. Kompyuta ikiwa dhaifu, proksi huiokoa: ni nakala ndogo za kufanyia kazi, na faili la asili hurudi wakati wa kutoa video.

Nguvu ya Resolve huonekana zaidi kwenye ukurasa wa Color. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi amekaa jukwaani, shela nyeupe kichwani. Kamera imepima mwanga kwa kuifuata shela, uso umezama gizani. Mgeni wa kazi hii huinua mwanga wa picha nzima. Uso unaonekana, lakini nakshi za shela zinapotea. Mhariri mzoefu huongeza nodi mpya, yaani hatua moja ya marekebisho, huchora duara juu ya uso, huamuru duara liufuate uso kila unapogeuka, kisha huinua mwanga wa kati ndani ya duara tu. Grafu ya mwanga humwonyesha mipaka: 0 ni weusi kamili, 1023 ni weupe uliogota. Kipimo cha rangi nacho kina mstari wa ngozi, na mstari huo ni mmoja kwa watu weusi na weupe. Tofauti kubwa yao ni mwanga. Kwa sababu hiyo, kumgeuza bibi harusi kuwa mweupe ni kosa la kazi na ni kumnyima sura yake mwenyewe.

Sauti nayo hukatwa mbali na picha. Kigelegele kikisikika sekunde moja kabla ya wanaokipiga kuonekana, mtazamaji huvutwa ndani ya tukio bila kujua ni nini kilichomvuta. Mbinu hiyo moja huvipa vipande uhai kuliko mapambo yote ya kuvukia kutoka picha hadi picha, ambayo mara nyingi huficha tu ukataji mbaya.

Kasi huja kupitia kibodi. J hurudisha nyuma, K husimamisha, L hupeleka mbele. I huweka mwanzo wa kipande na O mwisho wake. Vidole vikishazoea herufi hizo tano, jicho hubaki kwenye picha.

Mpwa wangu, ipakue programu kutoka tovuti ya Blackmagic Design yenyewe, usiichukue kwenye flashi ya mtu. Video ya kwanza iwe ya dakika moja tu, ya bibi yako akisuka ukili barazani, nawe uitume tuitazame.

Mjomba wako