Juu ya Uvira, pale Mulongwe unapoanzia

UVIRA, KIVU YA KUSINI. Saa kumi na moja alfajiri, watu watatu walitoka mtaa wa Mulongwe wakiwa na bidoni ya maji ya lita tano, mihogo ya kuchemsha, karanga na panga moja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili, mwanawe wa miaka 15. Wa tatu, muzee mmoja muhami aliyeshuka kutoka milima ya juu, upande wa Bijombo, wakati wa vita vya 2018, na mpaka leo bado anaishi mjini na jamaa yake chini ya hema.

Mwalimu alikuwa na neno moja tu la kutafuta. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukaingia mitaani. Watu wengi walikufa, na maelfu wakabaki bila nyumba. Yake ilikwenda na maji, vitanda na daftari za shule pamoja. Watoto wote walipona, lakini kiwanja kilibaki mawe matupu. Kwa miaka kadhaa alinunua matofali ya kuchoma, kidogo kidogo, akayapanga palepale kando ya mto. Ndugu zake walimwambia: "Kiwanja cha baba yako usikiache." Mke wake alimwambia: "Mimi sitalala tena pale." Ugomvi ule ulikuwa umekaa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Basi akaamua kupanda juu akaone mwenyewe mto ule unatoka wapi.

Kwanza walipitia kwa mkubwa wa kijija cha juu kumwambia wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi. Siku hizi hakuna anayepanda milima ile bila kuaga. Mkubwa aliwaonyesha mwisho wa kwenda: mgongo wa kwanza wa mlima, si zaidi. Baada ya mashamba ya mwisho ya mihogo, njia ilikwisha.

Mwalimu alitaka kufuata mto. Muzee akamzuia kwa fimbo.

"Mwalimu, bondeni ni kwa maji. Mtu anapita mgongoni."

Ndivyo walivyopanda, wakishika mgongo mwembamba kati ya makorongo mawili. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikali. Majani yalikuwa ya njano, makavu, yanateleza chini ya viatu. Mahali pengine moto ulikuwa umepita, pakabaki majivu na visiki vya miti iliyokatwa kwa ajili ya makala. Hakukuwa na kivuli hata cha kumfunika kuku. Mtu akifumba macho angeweza kudhani yuko jangwani, ingawa chini yake kuna ziwa refu la kilometa zaidi ya 600.

Muzee aliwafundisha bila hotuba. Wasipande mmoja nyuma ya mwenzake, kwa sababu jiwe likitoka chini ya mguu wa wa mbele linamkuta wa nyuma. Mguu uwekwe kwa ubavu, si kwa vidole. Maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu. Na kila baada ya muda wageuke nyuma, waitazame njia waliyopita, kwa sababu mlima wa kushuka hauna sura ya mlima wa kupanda.

"Babu, ulijifunzia wapi?" kijana aliuliza.

"Kwa ng'ombe za watu," muzee alijibu, na wote wakacheka.

Saa nne na nusu walifika juu. Ziwa Tanganyika lilikaa chini kama bati jipya, na ng'ambo yake Bujumbura ilionekana katika vumbi. Kaskazini, tambarare ya Ruzizi ilikuwa kahawia. Uvira yenyewe ilikuwa ukanda mwembamba, umebanwa kati ya mlima na maji. Mwalimu alitafuta kiwanja chake kwa macho, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa chini. Pale Mulongwe unapotoka mlimani, ardhi imefunguka kama upepeo mpaka ziwani. Upepeo mzima ni mawe na mchanga ulioletwa na mto wenyewe, mwaka kwa mwaka, tangu zamani kabla ya nyumba ya kwanza. Kiwanja cha baba yake kilikuwa katikati.

Chemchemi aliyoitafuta hakuipata. Alidhani ataona jicho moja la maji aseme, adui ni huyu. Aliona makorongo mengi madogo, mengine makavu kabisa, mengine yenye tope la kutosha kushika kwato za mbuzi. Yote yalielekea bonde moja.

Muzee akachukua bidoni, akamwaga maji kidogo juu ya udongo uliochomwa. Maji yakakimbia chini, udongo ukabaki mkavu kama sahani. Akasogea hatua chache penye majani mazito ambayo moto haukuyafikia, akamwaga tena. Maji yakazama palepale.

"Babu, maji yetu!" kijana alilia.

"Haya nimeyatumia vizuri," muzee akasema.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Alikuwa akihesabu magunia ya makala ambayo nyumba yake imechoma tangu alipooa.

Kabla ya kushuka, muzee alisimama peke yake akitazama magharibi. Huko kulikuwa na vilele juu ya vilele, vya kijani na vya bluu, vinavyokwenda mpaka Itombwe, ambako vingine hupita mita 3,000. Katika misitu ya huko wataalamu walimpata bundi mmoja mwaka 1951, na hawakumshika mwingine mpaka 1996. Hayo muzee hakuyataja. Alikuwa anatafuta mlima mmoja tu.

"Ni mbali, babu?"

"Nikitoka sasa, nilale njiani, kesho jioni ningefika." Akakaa kidogo. "Lakini sitafika."

Walishuka kabla ya jua kuwa kali zaidi, kwa mgongo uleule, wakizitambua alama walizoziangalia walipogeuka. Kijana aliteleza mara mbili, akachanika goti. Saa tisa walikuwa kwa mkubwa wa kijiji kumwambia wamerudi.

Mwalimu hakumwambia mke wake maneno mengi. Alimwambia tu kwamba mto haukukosea njia. Mke akampa sahani ya bugali na ndagala, na jioni ile hawakugombana.

Kuhama si dawa ya kila kitu Uvira. Anayekimbia mto anakuta mlima unaoporomoka, na anayesogea pwani anakuta ziwa, ambalo mwaka 2024 lilipanda likaingia majumbani. Lakini wiki mbili baadaye matofali yalianza kuhamishwa, kwa mkokoteni na kwa vichwa, kwenda kiwanja kidogo cha kukodi, mbali na mto. Kiwanja cha baba hakikuuzwa. Kimepandwa matete na migomba. Ndugu bado wananung'unika.

Muzee alikuja kusaidia kubeba. Siku ya mwisho aliomba matofali matatu ya kufanyia mafiga, kwa sababu tangu 2018 mke wake hupikia juu ya mawe ya kuokota. Mwalimu alimwambia achukue hata kumi.

Alichukua matatu. Akasema ni ya kuazima, atayarudisha siku ya kurudi kwake.